Moshi Juu ya Ziwa

Mujukuu wangu Furaha,

Familia yote isimame, natangaza: kuku ya muke wangu, koko yako mwanamuke, imetaga ndani ya kofia yangu ya ibada. Zaidi ya hapo, siye wote hapa Bunia tuko muzima.

Unauliza kama ni kweli niliokoa baba ya koko yako katika moto wa ziwa. Nilienda kwa kile kisiwa chao kuomba wanipe koko yako nimuoe. Kule hata chumvi ilingojea pirogi, na pirogi ilingojea mawimbi yatulie. Asubui moja nikaona moshi mweusi unatoka majini, unapanda mpaka mawinguni, na muzee alikuwa anavua samaki pale pale. Nikalia: "Muzee anaungua!" Nikarukia maji, mimi mutoto wa ngombe na milima!

Sasa ukweli. Moto haukukuwa. Ilikuwa tuvidudu twa ziwa, twingi kupita mvua, tunaruka pamoja. Muzee ndiye alinivuta kwa kola ya shati, akaniingiza katika pirogi yake.

"Weye, unajua kuogelea?"

"Hapana, muzee."

"Na unakuja kuniokoa?"

Akacheka mpaka pirogi ikatikisika. Kiisha tukaangalia wote wawili ile nguzo ya tuvidudu ikifunika jua.

"Nimezaliwa hapa," akasema polepole, "na bado sijaizoea."

Tulipofika inchi kavu, akaita binti yake: "Leta nguo za kuvalisha bwana yako."