Ngozi ya Kubariki Gari

Baba, ejok, salamu zako. Chai iko kwa chupa. Funika mboga, kuku wanaingia.

Fundi akija, mrudishe, injini ni nzima! Asubuhi nikifagia gari nimeona ile ngozi ya mbuzi tuliyochinja kuibariki. Uliitandika miguuni, ikajikunja chini ya pedali ya mafuta. Ukikanyaga, haishuki. Ndio maana kilima kinaishinda. Na wewe ukasema pampu, ukasema plagi, mwisho ukasema jirani! Mimi nikitaka kuangalia, unaniambia gari si sufuria.

~~Ngozi nimetupa.~~ Ngozi iko kitandani kwako, baraka haitupwi.

Majak akija kutoka Kakuma kununua gari, mwambie haiuzwi tena. Tumeijaribu kilimani, inapaa! Sasa tumeenda nayo hadi Nawoitorong. Usimpigie Mama simu. Ndiye anaendesha.

Binti yako wa sufuria,
Akoru