Ufa Nilioupaka Udongo Juu Juu

Mjukuu wangu Mbonea,

Marahaba. Huku Chome hatujambo. Shangazi yako anavuna tangawizi, mimi nagombana na goti.

Swali lako limeninyima raha. Ofisi yenu ya kutengeneza tovuti inaandika taarifa ya kazi za mwaka, nawe unataka kuiruka ile tovuti ya shule iliyogoma kufunguka siku ya usajili. Kosa ni lako, ila wateja wanamlaumu mwenzako.

Nikiwa msichana, kijiji kizima tulitoka msaragambo, kazi ya pamoja, kukarabati ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kwenye sehemu yangu ya ukuta niliona ufa. Wenzangu walishaanza kunawa, nikaupaka udongo juu juu. Kesho yake ukuta ukabomoka, maji yote yakaenda.

Mzee wa mfereji akatukusanya. "Nani alisiliba hapa?"

Macho yakaanza kumgeukia jirani yangu wa pale ukutani, mama mwenye mtoto mgongoni. Akainama. Nikasogea mbele.

"Ni mimi, baba."

Nikangoja matusi. Akanikabidhi jembe.

"Basi wewe ndiye unayejua ufa ulipoanzia. Tangulia."

Bibi yako,
Namsifu