Jibu la Kabula

Mikumi, Jumatano

Kweli nilikuwa nimemnyima mwanafunzi wangu Kabula alama bure. Kwenye jaribio niliuliza kama kuna namba witiri iliyo kamilifu, kama ilivyo sita upande wa shufwa: ukiiacha yenyewe, inagawanyika kwa moja, mbili na tatu, na ukizijumlisha hizo unapata sita yenyewe. Nilitaka "hapana". Yeye akaandika, "Haijulikani." Nikamwekea kosa, na tangu hapo hakunyosha tena mkono.

Jana nikakaa kuandaa uthibitisho wa kumwonyesha kosa lake. Kurasa nne, chai ikapoa. Mke wangu akachungulia. "Baba Neema, hesabu za watoto ndizo zinazokutoa jasho?"

Nikafungua kitabu. Kumbe hakuna aliyewahi kuipata namba hiyo, wala kuthibitisha kwamba haipo.

Niliogopa darasa litanidharau. Leo nimesema tu, kwa sauti ya kushinda malori ya Iringa yanayopita barabarani: "Kabula, wewe ulipata. Mimi ndiye niliyekosa."

Akainuka taratibu. "Ahsante, mwalimu. Basi tuko wengi tusiojua."

Darasa likacheka, mimi zaidi. Halafu mkono wake ukapanda: "Na zile kamilifu za shufwa, zina mwisho?"

Nikageukia ubao, nikaandika jibu lake lilelile: Haijulikani.