Oksijeni ya Saba

Mpendwa mjukuu wangu Chebet,

Pokea salamu kutoka Elburgon. Baridi ni kali, ila babu yako ni mzima na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza utafanyaje na zile jozi tatu na nusu za oksijeni unaposawazisha mlinganyo wa kuchoma gesi ya ethani. Sisi mwalimu alitufundishia uwanjani. Wasichana wawili walikuwa kaboni, sita haidrojeni, na saba oksijeni. Oksijeni walitakiwa kushikana mikono wawili wawili. Mimi, oksijeni wa saba, nilikuwa mgeni kutoka Ndabibi, na sikupata wa kunishika.

"Mwalimu, huyu si akae tu chini!" akasema Nyambura. Wakacheka. Nikaanza kuondoka.

"Wewe, rudi hapa," mwalimu akaniambia. Kisha akawageukia wenzangu: "Hatumpunguzi mtu. Leteni ethani ya pili."

Wengine wakaitwa, kila kundi likawa mara mbili, na oksijeni wakawa kumi na wanne. Msichana mmoja akaninyooshea mkono. "Shika basi. Mbona mkono baridi hivi, kwani umetoka kwa barafu?"

Kwa hiyo usiifute nusu hiyo. Zidisha kila kitu kwa mbili, pande zote za mshale. Utaandika zaidi, lakini hakuna atakayebaki nje.

Nyanya yako