Kaka, Nitupie Taulo

Kasongo, tarehe 9 Julai 1953

Mpendwa kaka Théophile,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko Kigoma? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Baba analalamikia goti, lakini sahani haijamshinda. Pamba tumemaliza kuvuna.

Barua yako niliwasomea wote uani, na ule msemo wa Waingereza wa kutupa taulo, uliotoka kwa wapigana ngumi, uliwapendeza mno. Sasa Mama akichoka kutwanga majani ya sombe anasema ametupa taulo. Baba naye ameitupia taulo misa ya alfajiri, anasingizia goti. Wanadhani ni kukata tamaa tu. Mimi nilishika yale uliyoeleza mwishoni, kwamba mpiganaji halitupi mwenyewe. Hulitupa mtu wake aliye pembeni, kwa kumhurumia, na pigano likaisha bila yeye kusema neno.

Kaka, huu ni mwezi wa tatu nimo kwa Baba. Unajua mume wangu Célestin alimchinjia mgeni kuku wangu aliyekuwa analalia mayai, bila kuniuliza, nami nikatoka Kabambare na hasira zangu. Amekuja mara mbili kunichukua. Mara ya pili alileta kuku watatu, akasema mbele ya mashangazi wote, "Miye nilikosa. Turudi kwetu."

Nikamjibu, "Kuku yangu iko wapi?" Watu walicheka sana, na mimi nikafurahi hadi jioni. Jioni nikajuta. Sasa nasikia baba yake anamwambia mwanamume haendi mara ya tatu, hutafuta mke mwingine.

Nampenda, kaka. Lakini nimekataa hadharani mara mbili, na nikirudi mwenyewe shangazi Marcelline atanicheka mpaka nizeeke.

Basi niandikie kama mkubwa wangu. Nikemee, niamuru nirudi kwa mume wangu na lori la kwanza la pamba. Andika kwa ukali, maana mimi ndiye nitakayewasomea watu. Nitalia kidogo, kisha nitatii.

Nisalimie wifi Emilienne na watoto. Mama anawakumbuka kila anapopakua. Mungu awafunike huko ugenini, msikose chakula wala ndugu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Albertine

Usichelewe. Mzigo wangu nimekwisha kuufunga tangu Jumatatu.