Mita Nilizozikunja

Jumatano, 12 Juni. Wiki ya tisa tangu niondoke nyumbani.

Mashine ya kupimia ilisema faiba, waya wa intaneti, imekatika mita mia nane kutoka mnarani. Tukapima barabarani, tukachimba kwenye kahawa ya mama mmoja hapa Kitura. Tukaukuta waya hapo ni mzima.

"Wanangu, mnatafuta kaburi la nani?" akauliza.

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Mashine hupima waya, si barabara. Tulipolaza faiba nilikunja mita nyingi za akiba kwenye shimo karibu na mnara, nikasahau kuziandika kwenye ramani; nazo zimo ndani ya zile mia nane. Basi palipokatika pako karibu zaidi na mnara, tumeshapapita.

Msimamizi anamtukana mwenzetu wa mashine kwa kosa langu. Nikinyamaza, tutachimba shamba zima, na mke wangu atajifungua mimi nikiwa huku.

Kesho nitasema, ingawa kibarua hiki nakihitaji. Wakinifukuza, Ijumaa nitakuwa nyumbani; wakinisamehe, Jumapili, tukishaunga waya.