Sikuwa Nafanya Mazoezi

Baba Kamsi,

Supu ya mbegu za egusi imo kwenye sufuria ndogo, ipasheni moto. Kamsi akirudi shule avae sweta, kifua bado kinambana.

Asubuhi mliponikuta jikoni nalia, mtoto alipiga makofi, nawe ukasema, "Leo umeiva, mke wangu." Sikuwa nafanya mazoezi. Mwongozaji wa ile filamu alikuwa amenipigia simu: ile nafasi ya mama amempa mwingine, mimi nikalie tena kwenye onyesho la msiba, nyuma ya umati. Iliniuma, lakini makofi yenu yaliniuma zaidi.

Nimekwenda Onitsha kwa dada Nwanneka, anataka msaidizi dukani. ~~Mwongozaji akipiga, mwambie Jumamosi nitafika.~~ Mwongozaji akipiga, mwambie nimeacha kuigiza. Mwambie wewe, maana mimi nikimsikia nitakubali.

Mama Kamsi